Rangi Iliyobaki kwenye Gari la Don Rufino

Shangazi yangu, Nicolasa Chuquimia, hapimi gari kwa kiganja. Kiganja chake kimekuwa kigumu kama soli ya kiatu, hakisikii kitu tena. Hutumia mgongo wa mkono. Gari likiingia uani, kabla hajamsalimia mwenyewe vizuri, huupitisha mgongo wa mkono juu ya boneti polepole, kama mtu anayempima mtoto homa. Wateja wanaotoka upande wa Peru humcheka.

"Doña, gari haliumwi."

"Umejuaje? Umewahi kuliuliza?"

Kazi yake ni kupiga polishi magari. Hapa Copacabana, mji wetu wa kando ya ziwa karibu na mpaka wa Peru, kazi hiyo haikosi, na sababu mojawapo ya kutokosa ni mimi. Mimi nauza maua mbele ya kanisa, mahali magari yanapopangwa asubuhi kubarikiwa. Mtu akinunua gari, au akitaka gari lake lisimwangushe mwaka huo, analileta kwa Bikira Maria wa kanisa letu. Tunalivika mashada, padri anapita na ndoo yake ya maji, fataki zinalia, halafu mwenye gari anafungua bia na kuimimina juu ya boneti na kwenye matairi, ili Mama Ardhi naye anywe. Juu ya bia tunamwaga petali. Petali ni zangu. Halafu gari halioshwi siku tatu. Ukiliosha kabla ya siku tatu umeiosha bahati yako mwenyewe, imekwenda mferejini.

Siku tatu hizo jua la huku juu linafanya kazi yake. Bia inapikika juu ya rangi. Petali zinakauka na kuacha sura zao, hata ukizibandua unaona pale palikuwa na waridi, kama vile mtu amelipiga pasi. Siku ya nne watu wanapanda kwa shangazi. Yeye husema mimi na yeye ni kampuni moja, mmoja anachafua na mwingine anasafisha, na kwamba siku moja tutaandika jina letu ukutani.

Petali hazing'oi kwa maji ya mpira. Huweka kitambaa chenye maji juu yake, anasubiri zilainike, halafu anazitoa moja moja kwa kucha na kuzitia kwenye mfuko mdogo wa nailoni. Mwenye gari akija kuchukua gari lake anapewa na mfuko wake. Wengi huuweka chini ya kiti. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Aliona tu kwamba watu walikuwa wakinuna petali zao zikichukuliwa na maji, na mtu aliyenuna haoni kama gari lake linang'aa.

Mashine yake ni ya kijani, nzito, ya kushikwa kwa mikono miwili. Ubavuni ina kigurudumu cha spidi chenye namba kuanzia moja mpaka sita. Aliinunua kwa fundi mmoja wa kupaka magari rangi, mtu wa Juliaca, mume wake alipokuwa bado hai. Mume wake, Don Hilarión, alikuwa dereva wa lori, na shangazi alijifunza kazi kwenye lori lile. Rangi ya malori ya zamani ilikuwa nene. Unaweka pedi ya manyoya ya kondoo, unaweka namba sita, unasukuma mpaka mabega yanauma, na rangi inabaki ya kukutosha miaka kumi mingine. Don Hilarión alipofariki, shangazi alitoa mashine nje ya chumba, akafunga sketi yake kubwa kwa kamba kiunoni isije ikaingia kwenye pedi, akaanza kupokea magari ya watu. Manyoya na sita. Kigurudumu kilikaa kwenye sita muda mrefu hivi kwamba vumbi la dawa ya polishi lilikigandisha pale pale.

Kumbe magari yalikuwa yamebadilika bila kumwambia. Magari ya siku hizi yana rangi nyembamba, na juu ya rangi kuna vanishi isiyo na rangi yoyote, na kung'aa kote kunatoka kwenye ile vanishi. Ukiipiga kwa sita na manyoya, inang'aa haraka kuliko lori. Ndiyo maana shangazi hakushtuka. Angeshtukaje? Watu walikuwa wanamsifu.

Aliyemwambia ni mwanamke mmoja kijana, fundi wa kupaka magari rangi kutoka Cochabamba, aliyekuja mwezi wa Septemba mwaka jana kubariki gari lake. Alikaa juu ya debe akamwangalia shangazi anavyofanya kazi, halafu akauliza, "Mama, wewe unang'arisha au unakaanga?"

Shangazi alikasirika, lakini alizima mashine. Yule dada alikaa mpaka jioni. Akamwonyesha sponji ngumu ya rangi ya chungwa, ya kukata mikwaruzo, na sponji nyeusi laini kama shavu, ya kumalizia. Akamwambia spidi si ujasiri. Anza na moja ili dawa isambae isimrukie mtu usoni, panda mpaka tatu au nne, tena ukiwa unatembea, usisimame mahali pamoja, na kwenye kingo za bodi bandika tepu ya karatasi, kwa sababu kwenye kingo vanishi ni nyembamba kuliko mahali pengine popote. Na kabla ya gari lolote, jaribu mahali padogo kwanza, ufute kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na weupe wa dawa, endelea. Kikitoka na rangi ya gari, vanishi imekwisha. Simama.

Baada ya hapo shangazi alikichokonoa kile kigurudumu kwa sindano mpaka kikazunguka. Akawa mtu wa kukaa mbele ya gari na kikombe cha uji wa mahindi ya zambarau, kimya, uji unapoa.

"Unasubiri nini, shangazi?"

"Nachagua."

Kwa hiyo mwaka huu, mwishoni mwa Agosti, Don Rufino Calisaya alipoingia uani na gari lake jeusi, shangazi wa namba sita hakuwepo tena. Ila Don Rufino hakujua hilo.

Don Rufino ni mzee wa vijiji vya ng'ambo ya kilima, analima viazi na maharage mapana, na gari lake hubeba watu, magunia, na siku nyingine kondoo. Kila Agosti hulileta kwa Bikira, na siku ya nne hulileta kwa shangazi. Miaka tisa hajakosa. Lakini safari hii alikuja kabla ya baraka, Ijumaa saa nne asubuhi, amevaa kofia yake ya sherehe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi natoa miiba kwenye waridi za kesho.

"Doña Nico! Ungali hai?"

"Kama umeleta kazi, ni mzima. Kama umekuja kupiga soga, nimekufa jana."

"Nimekuletea mke wangu mdogo umpambe." Akapiga paa la gari kwa kiganja.

"Mke mdogo gani ana maganda ya maharage mpaka kwenye mkanda wa kiti?"

"Ni mchapakazi. Kama wewe tu."

Walicheka. Halafu Don Rufino akavua kofia, na nikajua kuna jambo.

"Limbert anakuja kesho," akasema.

Limbert ni mwanawe. Aliondoka kwenda São Paulo kushona nguo akiwa na miaka kumi na tisa, na pesa ya cherehani ndiyo iliyonunua gari hili. Aliituma yote kwa baba yake, gari likanunuliwa, naye hajawahi kuliona ila kwenye picha. Miaka kumi na moja hajarudi.

"Anafika adhuhuri, anakuja na mtoto wake," Don Rufino akaendelea. "Moja kwa moja kanisani, tunalibariki pamoja. Kwa hiyo Doña Nico, sitaki ling'ae. Kung'aa ni kwa watu wengine. Nataka ajione uso ndani yake, anyoe ndevu humo."

"Umemwambia likoje?"

"Nimemwambia liko kama siku lilipotoka dukani."

"Lini umemwambia hivyo?"

"Kila Jumapili." Akaangalia kofia yake. "Isipokuwa Jumapili ambazo mtandao ulikuwa mbaya."

Shangazi hakucheka. Akaupitisha mgongo wa mkono juu ya paa, akashuka mlangoni, akazunguka nyuma, akaja mbele. Kwenye paa kulikuwa na mikwaruzo ya magunia. Milangoni kulikuwa na mistari ya matawi. Boneti ilikuwa na ukungu, na ukiinama sawa na jua uliona mizunguko mingi kama nyuzi za buibui, alama za pedi. Alama zake yeye.

Akachomeka waya. Akaweka sponji nyeusi, akaweka namba mbili, akagusa ukingo wa mbele wa boneti, mahali padogo kama sahani ya kikombe. Hata Don Rufino alishangaa.

"Mbona inanong'ona leo? Mwaka jana ilikuwa inaunguruma mpaka mbwa wanakimbia."

Shangazi akazima, akafuta kwa kitambaa cheupe. Nilikuwa karibu, nilikiona. Kilitoka cheusi.

Alikikunja kitambaa, upande mweusi ndani, akakitia mfukoni mwa aproni. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, "Don Rufino, tangu mwaka wa kwanza, kuna mtu mwingine amelipiga mashine gari hili?"

"Mwingine nani? Mimi si wa kuhamahama. Ni wewe peke yako, Doña Nico. Hata watu wa La Paz nimewaambia, gari langu linaguswa na mkono mmoja tu."

Aliyasema ili amfurahishe. Shangazi aliingia jikoni kama mtu aliyesahau kitu kwenye moto, na hapakuwa na kitu kwenye moto. Nilimfuata na waridi zangu.

Alisimama ameegemea meza. "Nikiweka manyoya na sita," akasema, "kesho adhuhuri litawaka. Atanyoa humo ndevu, kweli. Mvua zikianza litachubuka pale mbele, halafu katikati, na Rufino atasema ni mvua."

Nikatoa mwiba mmoja kwenye waridi.

"Wewe ungesemaje?"

"Mimi ningenyamaza, shangazi."

"Ndiyo. Hapo wewe ni hodari." Hakuwa amekasirika. Alikitoa kitambaa, akakifunua, akakitazama kama barua. "Kijana amekaa kwenye cherehani miaka mingapi kwa ajili ya hiki kilichomo humu?"

Akatoka nacho uani. Don Rufino alikuwa anachomoa maganda ya maharage kwenye kiti, moja moja.

"Don Rufino, angalia. Hii ni rangi ya gari lako."

"Ni uchafu wa barabarani."

"Nililifuta kabla. Juu ya rangi kulikuwa na vanishi, ndiyo iliyokuwa inang'aa. Pale mbele imekwisha. Katikati ya boneti imebaki kama ngozi ya kitunguu. Nimeimaliza mimi."

Mzee akakitazama kitambaa, akamtazama yeye. "Sijaelewa."

"Kila Agosti bia yako ilikuwa inaunguza siku tatu, nami nilikuwa naikwangua alama yake kwa manyoya na spidi ya mwisho. Mara tisa. Nilikuwa sijui. Sasa najua."

"Unaniambia umelila gari la mwanangu?"

"Nimelila."

"Na mimi nasimama hapa kila mwaka nasema, ah, Doña Nico, linang'aa!"

"Lilikuwa linang'aa kweli. Huko kung'aa ndiko kulikokuwa kunalimaliza."

Don Rufino akavaa kofia, akaivua tena. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Kwa nini usinyamaze tu? Mwanamke wewe! Ungenyamaza, ukaweka hiyo sita yako, kesho ikapita! Nilikuomba siku moja. Moja! Kijana wa kule kituo cha mafuta ana mashine mpya, hataniuliza maswali."

"Mpelekee. Ila umwonyeshe kitambaa hiki kwanza."

"Sitamwonyesha kitu!"

Akaingia garini, akabamiza mlango, akaweka ufunguo. Nikasogeza ndoo ya maua isije ikakanyagwa. Hakuwasha. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama ukuta wa uani ambao hauna kitu cha kutazama. Shangazi naye hakuondoka, wala hakumwita. Nilimaliza waridi sita, pengine saba. Kisha kioo cha mlango kikashuka nusu.

"Unaweza kufanya nini?" akauliza, bila kumgeukia.

"Paa na milango vitapendeza sana. Boneti itakuwa safi. Kioo haitakuwa."

"Na alama za petali?"

"Zitaonekana."

Akafungua mlango, akatoka, akaenda kukaa juu ya debe akatugeuzia mgongo.

Nimemwona shangazi akipiga polishi magari mengi, lakini siku ile alifanya kazi kama mtu anayesoma gari kwa mara ya kwanza. Alianza na paa. Hakuna mtu anayemimina bia juu ya paa, kwa hiyo vanishi ya pale ilikuwa karibu nzima, na mikwaruzo ya magunia ilikuwa ya kukatika. Aliweka sponji ya chungwa na dawa ya kukata, akasambaza kwa moja, akapanda mpaka nne, akawa anakwenda na kurudi, njia ikipanda nusu juu ya njia iliyotangulia. Kila baada ya muda alizima na kuweka mgongo wa mkono. Pakiwa na moto, alisubiri. Upepo wa huku unakausha dawa kabla hujameza mate, kwa hiyo alikuwa na chupa ya maji ya kupuliza, anapuliza kidogo kama mtu anayepiga pasi shati.

Kwenye milango alishuka mpaka tatu, kwa sababu mlango una mikunjo. Alibandika tepu kwenye kila ukingo na kila mkunjo, mpaka gari likawa kama majeruhi aliyetoka vitani. Mistari miwili ya matawi aliiacha. Niliona alivyoipima kwa ukucha: ukucha ulizama. Kitu kinachozamisha ukucha hakiondoki bila kuondoa kila kilicho juu yake.

Ilipofika zamu ya boneti alichomoa waya wa mashine. Don Rufino akageuka, akadhani umeme umekatika. Shangazi akatoa ile sponji nyeusi kwenye mashine, akaishika mkononi, akaweka tone la dawa ya kumalizia, akaanza kwa mkono. Alipita hivyo boneti nzima, na pale mbele, mahali palipokitia kitambaa weusi, hakupitisha hata sponji. Aliweka nta tu, kwa vidole.

Jua lilikuwa linaelekea ziwani alipotoa tepu ya mwisho. Don Rufino akalizunguka gari lake mara mbili. Milango ilikuwa na mbingu ndani yake. Alifika mbele akasimama. Pale boneti ilikuwa nyeusi iliyochoka, yenye ukungu ukingoni, na petali tatu za miaka iliyopita zilionekana kama mtu aliyezichora kwa penseli.

"Mlangoni atanyoa," akasema. "Hapa atauliza."

Akaondoka taratibu, kwa gia ya pili.

Kesho yake adhuhuri nilikuwa mahali pangu mbele ya kanisa. Shangazi alikuja pia, jambo asilolifanya. Huwa anasema magari yakiwa kanisani ni ya Bikira, yakiwa kwake ni yake. Akasimama nyuma ya ndoo zangu. Gari la Don Rufino lilikuwa la tatu kwenye mstari. Nilikuwa nimelifunga shada kwenye bampa na mengine kwenye vioo vya pembeni.

Limbert alishuka kwenye basi dogo la La Paz na binti yake wa miaka mitano. Ni mwembamba, shingo imeinama mbele kama ya mtu anayetafuta sindano sakafuni. Walikumbatiana na baba yake muda mrefu, kofia ya mzee ikaanguka, mtoto akaiokota. Halafu Limbert akaliona gari, na Don Rufino akaenda haraka kusimama mbele ya boneti.

Limbert alipita ubavuni, akajiona mlangoni, akacheka peke yake. Akazunguka nyuma. Akaja upande wa pili. Kila alivyosogea, mzee alisogea naye, mbele ya boneti, koti limefunguliwa kwa mikono miwili kama kuku anayeficha vifaranga.

"Baba, sogea nione."

"Kuna jua, mwanangu. Jua linaumiza macho upande huu."

"Baba."

"Umechoka na safari. Kwanza tule."

Dereva wa gari la nyuma, mtu wa Puno mwenye tumbo, akapaza sauti, "Mzee, unamficha mkaguzi namba ya gari, au unaficha mchumba?" Watu wakacheka. Don Rufino akasogea.

Limbert aliinama. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mbele, akakirudisha, akainamisha kichwa apate kuona sawa na jua.

"Kila Jumapili uliniambia kama jipya," akasema.

"Simu yenyewe dakika tano. Nikuhadithie mikwaruzo?"

"Hii si mikwaruzo. Hii imesuguliwa. Nani aliisugua?"

Don Rufino akafungua mdomo, lakini shangazi alikuwa ameshapita katikati ya ndoo zangu.

"Mimi, kijana. Nicolasa. Miaka tisa nililipiga kwa spidi moja."

"Spidi gani?"

"Sita. Ndiyo ya mwisho."

"Na jana?"

"Paa nne, milango tatu. Hapa sikuweka mashine."

Limbert akamtazama. Akanyoosha mkono wa kushoto. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umepasuka katikati na kuota vibaya. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nakanyaga pedali ya cherehani mpaka mwisho," akasema. "Jinzi, mpaka mwisho. Hariri, mpaka mwisho. Niliharibu marobota mawili kabla ya kuharibu kidole." Akauweka mkono chini. "Linaweza kupigwa tena?"

"Boneti? Kwa mkono, mara moja, labda mbili. Lakini bia ikipikwa juu yake siku tatu tena, kwa mkono haitatoka. Na mimi mashine siweki. Itabaki na doa lake mpaka lichubuke."

Padri alikuwa amefika gari la kwanza. Maji yakaruka, fataki zikalia, mtoto wa Limbert akajificha kwenye miguu ya baba yake. Don Rufino alikuwa ameshika chupa mbili za bia, moja kila mkono, amezishika kwa shingo.

"Boneti ndiyo uso," akasema, kama anayegombana na mtu ambaye hayupo. "Miaka yote Mama Ardhi nimempa hapo usoni. Leo mwanangu yupo, nimpe wapi?"

"Matairi nayo hupewa," shangazi akasema.

"Matairi hupewa ya mwisho! Yanayobaki!"

"Baba," Limbert akasema, "mimi nilikuwa nalilipia hili. Nilishona kola za mashati, mia kwa siku. Nataka nilipande. Sitaki kulitazama."

Padri akafika, akalinyunyizia maji gari lote, akamnyunyizia na mtoto, akapita. Sasa ilikuwa zamu ya bia. Mimi nilikuwa na ungo wa petali mkononi, na kwa mazoea nilikuwa nimeshauinua juu ya boneti. Niliushusha.

Don Rufino alisimama akiwa amefungua chupa, povu likimshukia kwenye vidole. Mkono ulianza kwenda kule unakokwenda kila mwaka. Ukafika juu ya boneti, ukakaa hapo. Halafu mzee akakunja goti moja, akakunja la pili, jambo ambalo kwa magoti yake halikuwa dogo, akapiga magoti mbele ya tairi la kushoto na kumimina.

"Heh! Mzee!" mtu wa Puno akapiga kelele. "Unamwosha miguu? Anaolewa?"

"Anakwenda mbali kuliko lako," mzee akamjibu bila kuinua kichwa.

Alimimina polepole, akiongea na tairi kwa Kiaymara, lugha ya kwao, maneno ambayo siku zote huyasema amesimama. Nikamwaga petali pale chini, kwenye tope la bia. Akatambaa mpaka la nyuma. Akamaliza chupa ya kwanza. Limbert alimshika kiwiko kumvusha upande wa pili, akafanya la tatu, na chupa ya pili ikaisha hapo hapo, kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea boneti na haukujua kupima kwa matairi.

Likabaki tairi moja kavu. Watu wakaanza kuguna, kwa sababu gari lenye tairi moja lisilonyweshwa hakuna atakayelipanda. Limbert akatoa kwenye mfuko wake wa safari chupa moja ya bia aliyokuja nayo, akaifungua kwa meno. Hakumpa baba yake. Alimpa shangazi.

"Malizia, Doña."

Shangazi akamtazama Don Rufino. Mzee alikuwa bado amekaa chini, ameegemea mlango wake unaong'aa, anahema.

"Malizia," akasema. "Tena usikimbize."

Shangazi alikunja sketi yake, akachuchumaa kwenye tairi la mwisho, akamimina mpaka povu likaacha kutoka. Halafu akanyanyuka, akasema kuna gari jeupe la watu wa Juliaca linamsubiri uani tangu asubuhi, na akapanda mlima.